Goti la Mnoa Visu

Mimi ni mnoa visu, na kama kuna kitu nilichojiona nakijua hapa duniani, ni pembe. Kisu cha jikoni ukikilaza mno juu ya jiwe, makali yanakuwa membamba na yanavunjika kwenye mfupa wa kwanza. Ukikisimamisha mno, utanoa mpaka jioni na kitabaki kinaponda nyanya badala ya kuikata. Katikati ya hapo kuna nafasi ndogo, haizidi unene wa kidole, na mkono wangu umeizoea kwa miaka kumi na tisa. Wauza nyama, wapishi wa hoteli, mafundi nguo na mikasi yao, wote walikuwa wakichukua vitu vyao na kuondoka bila kujaribu makali. Kwa hiyo habari hii naisimulia kwa aibu kidogo. Bingwa wa pembe nilishindwa na pembe ya goti langu mwenyewe.

Natumia baiskeli. Gurudumu la nyuma limeinuliwa kwenye stendi ya chuma, halikanyagi ardhi, na mkanda unatoka kwenye gurudumu hilo kwenda kwenye jiwe lililofungwa mbele yangu. Nakaa, napiga pedali, jiwe linazunguka, cheche zinaruka, watoto wanashangaa. Siku moja nilikuwa naivusha baiskeli juu ya mtaro mbele ya soko, nikakanyaga ganda la ndizi la sijui nani, nikaenda chini, na baiskeli yote ikanilalia. Pia ya goti la kulia ilipasuka vipande viwili. Waliniunga kwa waya, wakanifunga plasta wiki sita, na plasta ilipotoka, goti lilikuwa limekwama kama mlango uliovimba kwa mvua.

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa na miezi mitatu nyumbani kwetu. Mke wangu hakuniuliza kama mama yake ahamie, aliniarifu. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka thelathini na moja, na mtaa mzima ukamwita Mwalimu tangu wiki ya kwanza, hata watu waliompita umri. Alikuja na mabegi mawili na boksi moja, na ndani ya boksi mlikuwa na vifaa vyake vya ubaoni: rula ya mbao ndefu kama mwiko wa shughuli, bikari ya kushikia chaki, na kipimapembe cha mbao chenye kishikio, kikubwa kama nusu ya sinia. Alinisahihisha namna ya kukunja mashati. Alinisahihisha namna ya kufunga bomba. Nilisema moyoni, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sikujua kwamba jembe lenyewe litakuwa mguu wangu.

Hospitali nilikabidhiwa kwa dada wa mazoezi, msichana mwembamba mwenye sauti ya upole na mikono ya fundi seremala. Alinilaza kitandani, akapima goti kwa rula zake mbili za plastiki zilizoshikanishwa kwa kifungo, akaandika kwenye faili bila kunionyesha.

"Bado sana," alisema. "Mimi nataka mia na kumi. Digrii mia na kumi ukizipata, pedali inazunguka, ngazi unapanda, maisha yanarudi."

"Na nisipozipata?"

Alinionyesha kalenda ya ukutani, wiki kumi mbele. "Tarehe hii daktari atakupa dawa ya usingizi, alikunje kwa nguvu. Mara nyingine goti linakubali. Mara nyingine ule mfupa ulioungwa unaachia."

Neno kuachia nililielewa bila kuelezwa. Mfupa ukiachia, ni plasta upya, na safari hiyo labda ni gongo la maisha. Nilikuwa nimeshajaribu kupiga pedali kwa mguu mmoja. Jiwe lilikwenda kwa kusitasita na kisu cha watu kikatoka na makali ya mawimbi. Kazi nyingine sijui. Sikusoma sana, na vidole vyangu vimejaa makovu ambayo hakuna mwenye ofisi atakayeyaajiri.

"Nyumbani mara nne kwa siku," aliendelea dada wa mazoezi. "Unakaa ukingoni mwa kitanda, mtu anashika kisigino, anakisukuma nyuma taratibu, anahesabu thelathini. Peke yako huwezi, utajihurumia. Nani yuko nyumbani mchana?"

Mke wangu anapiga pasi kwenye dobi la hoteli. Anaondoka jua halijachomoza na anarudi linazama.

"Nipo mimi," ilisema sauti nyuma yetu. Mama mkwe alikuwa ametusindikiza, mimi na mke wangu aliyeomba ruhusa siku hiyo.

Nilimwangalia mke wangu. Mke wangu akaiangalia kalenda.

Naomba mnielewe. Huyu ni mtu unayeinuka akipita, unayeshusha sauti akiwa chumba cha pili, na wiki moja kabla yake ulikuwa unamsema kichinichini. Leo umkabidhi mguu wako mtupu. Asubuhi ya kwanza nilivaa suruali mbili, moja juu ya nyingine, kwa heshima. Aliniangalia juu mpaka chini.

"Baba, hiyo suruali ya pili ni ya goti lipi?"

"Ni ya baridi, mama."

"Ivue. Vaa kaptura. Mimi nimewafuta kamasi watoto elfu mbili, goti halinitishi."

Akakaa kwenye kigoda, akashika kisigino, akaanza kusukuma. Alihesabu kwa sauti ya darasani, moja, mbili, tatu, na kila alipofika ishirini alipunguza mwendo. Mimi nilipiga kelele. Sina haja ya kujisifu hapa; nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

"Hakuna msiba," mama alimjibu. "Ni mwanafunzi." Kisha akanigeukia. "Sauti hiyo ungeitumia kuitia wateja, baba, ungekuwa tajiri."

Kila Jumamosi alipima. Alilaza kipimapembe chake cha mbao ubavuni mwa goti, akafumba jicho moja, akaandika kwa chaki ukutani nyuma ya mlango. Mia na hamsini. Jumamosi iliyofuata, mia thelathini na nane. Halafu mia ishirini na tano. Na Jumamosi ya nne akaandika mia na kumi, akapiga mistari miwili chini yake, na pembeni akaandika "Vizuri sana" kwa mwandiko wa daftari. Namba zilikuwa zinashuka na sisi hatukujiuliza kwa nini zinashuka. Tulijua tunaitafuta mia na kumi, na mia na kumi imekuja, tena mapema.

Mke wangu alinunua kuku. Mimi nikasifiwa, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mara nne kwa siku zikawa mbili, mbili zikawa moja, na moja ikawa "kesho, mama, leo nimelala vibaya." Mama naye alikubali, maana mwalimu gani anamchapa mtoto aliyefaulu? Kwa wiki mbili nilikaa barazani nimenyoosha mguu juu ya kiti, nikiwaambia wapita njia kwamba mwezi ujao walete visu.

Siku ya kurudi kwa dada wa mazoezi nilikwenda nimenyoa ndevu. Mama alibeba kipimapembe kwenye mkoba wake, nadhani kwa kujionyesha kidogo, na haki yake. Dada aliweka rula zake, akakunja mpaka nikauma meno, akasoma.

"Sitini na sita."

Nilicheka. "Umesoma vibaya, dada. Rudia."

Akarudia. Sitini na sita.

"Nyumbani tulipata mia na kumi!"

"Mlipimaje?"

Mama alitoa kile kipande cha mbao mkobani, na wagonjwa wote wakageuka kuangalia. Akakilaza gotini, akafumba jicho. "Mia na kumi na nne," alisema, na mimi nikaona uso wake unaanza kubadilika, kwa sababu sasa namba ilikuwa imepanda na hakujua kupanda ni kuzuri au kubaya.

Dada wa mazoezi aliangalia mbao, akaangalia rula zake, akavuta kiti. Hakucheka, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

"Mwalimu, wewe unapima kona," alisema. "Nafasi iliyopo kati ya paja na muundi. Kwako mguu ulionyooka ni mia na themanini, na ukikunja, namba inapungua. Mimi napima mguu umegeuka kiasi gani tangu uliponyooka. Kwangu mguu ulionyooka ni sifuri, na ukikunja, namba inapanda. Hiyo mia na kumi na nne yako ndiyo sitini na sita yangu. Goti ni hilohilo."

"Pembe ni nafasi kati ya mistari miwili inayokutana," mama alisema polepole. "Nimeiandika ubaoni miaka thelathini na moja."

"Na ni kweli, Mwalimu. Lakini pembe ni mgeuko pia. Mtu akisimama mlangoni akageuka mpaka akaukabili ukuta, ameshafanya pembe, na hakuna aliyechora mstari. Akizidi kugeuka mpaka akarudi alipoanza, hapo amemaliza duara. Sisi huku tunahesabu mgeuko." Akanigeukia. "Na hizi wiki mbili mlikuwa mnakunja?"

Niliangalia ile kalenda ya ukutani.

"Limerudi nyuma," alisema. "Zimebaki wiki nne."

Heri kujikwaa dole kuliko ulimi. Dole ningelifunga kitambaa. Nilipandisha sauti mbele ya wagonjwa, wauguzi na bibi mmoja aliyekuwa anajifunza kutembea kwa fremu, nikasema, "Si huyu Mwalimu! Miaka thelathini anafundisha hesabu, kumbe hata goti hajui kulipima! Kaniharibia mguu!"

Mama alikirudisha kipimapembe mkobani, akafunga zipu, akaenda kunisubiri nje. Jioni mke wangu aliposimuliwa na jirani (habari zilifika kabla yake) aliniwekea chakula mezani, akaniambia, "Umemwambia mama yangu hivyo mbele ya watu," na hakuongeza kitu. Kama angefoka, ningejitetea.

Asubuhi niliamka nikakaa ukingoni mwa kitanda na kaptura yangu, nikasubiri. Hakuja mtu. Nikachukua magongo nikaenda kwenye chumba chake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa mpaka pembe za shuka zimebanwa, viatu vyake havipo, mkoba haupo. Nikajua ameondoka. Nilikaa kwenye kile kigoda chake na nikaona aibu kama ya mtoto, kwa sababu jambo nililolitaka kwa miezi mitatu limetimia na sikulitaka tena. Nilijaribu kukisukuma kisigino mwenyewe. Nilifika saba, nikajihurumia.

Alirudi adhuhuri, viatu vimejaa vumbi. Kumbe ametembea kwa miguu.

"Nimetoka hospitali," alisema kabla sijafungua mdomo. "Yule dada alikuwa na watu wengi, nimengoja. Amenifundisha kuanza na sifuri." Akatoa karatasi iliyokunjwa, yenye michoro ya miguu na maandishi ya kalamu nyekundu. Kisha akakaa kitandani kwangu, kwa uzito, akaanza kuvua viatu. "Nikamwambia na mimi anikunje goti mpaka mwisho, nijue ninachokufanyia."

"Mama!"

"Hili langu lina miaka sitini na minane. Inauma, baba." Aliniangalia, na sauti ya darasani haikuwepo. "Sikujua inauma hivyo. Mimi nilidhani unajidekeza."

Nilikuwa nimepanga msamaha mrefu, wenye salamu na utangulizi, na wote ukayeyuka.

"Mama, nisamehe. Kosa si lako," nilisema. "Mimi nilijua. Kisigino changu hakikuwahi kuingia chini ya kiti, hata siku ile ya kuku. Kisu butu nakijua kwa macho kabla sijakigusa, je, goti langu nisilijue? Nilijua halijakunjika. Nilitaka tu iishe."

Alifikiri. "Basi wote tumefeli," alisema. "Mimi nimefeli kupima, wewe umefeli kusema. Lete mguu."

Tangu hapo tulifanya mara sita kwa siku. Alifuta namba zote nyuma ya mlango, hata "Vizuri sana", akaandika sifuri kubwa chini karibu na sakafu, na kila Jumamosi namba ikapanda juu yake kama mtoto anayepimwa urefu. Sabini na nane. Themanini na tisa. Mimi sikuwa na haja tena ya kupiga kelele. Si kwamba maumivu yalipungua. Nilikuwa nimejua kwamba anayesukuma anayasikia.

Lakini kulikuwa na jambo lililonisumbua, na siku moja nikiwa nimelazwa kifudifudi nikamuuliza. "Mama, pedali inakwenda duara zima. Duara zima ni digrii ngapi?"

"Mia tatu na sitini."

"Na mimi naambiwa nitafute mia na kumi. Hizo mia mbili na hamsini nyingine nitazitoa wapi?"

Mwalimu akiulizwa swali la kweli anapungua miaka ishirini. Aliacha mguu wangu ukiwa hewani, akatoka, akarudi na vijiti viwili vya kreti ya nyanya, misumari, na kifuniko cha sufuria. Vijiti akaviunganisha kwa msumari mmoja: hilo paja, huu muundi, hapa goti. Ncha ya paja akaipigilia kwenye ubao, akasema hicho ni kiuno kimekaa kwenye kiti. Kifuniko akakipigilia katikati kizunguke, na ncha ya muundi akaifunga ukingoni mwake. Halafu akakizungusha kifuniko kwa kidole.

"Tazama. Kisigino kinakwenda na kifuniko duara zima. Sasa angalia goti. Linakunja, linakunjua. Linakunja, linakunjua. Halizunguki hata mara moja. Goti likizunguka duara zima, baba, ujue si lako tena."

Nilikizungusha mwenyewe mara kumi, mara ishirini. Miaka kumi na tisa nimekaa juu ya duara hilo na sikuwahi kuliona. Duara lilikuwa la chuma. Kazi yangu mimi ilikuwa kwenda na kurudi, kipande tu. Kwa mara ya kwanza tangu nianguke nilipumua mpaka chini ya tumbo.

Mama alikuwa ameshanitangulia kwa mawazo. Aliung'oa msumari wa kiuno akaupigilia juu kidogo, akazungusha tena. Vijiti sasa havikukunjana sana pale kisigino kilipofika juu. Tukaangaliana.

"Kiti!" nilisema.

Kiti cha baiskeli yangu nilikuwa nimekishusha siku zote, nifike chini kwa miguu yote miwili. Tuliisukuma baiskeli kutoka stoo, mimi na gongo, yeye na spana, tukainua kiti vidole vinne. Karatasi ya yule dada ilisema tuanze kwa kurudisha pedali nyuma, maana nyuma ni rahisi kuliko mbele. Nikapanda kama mzee anayepanda punda. Nilirudisha nyuma polepole, kisigino kikapanda, kikafika karibu na juu kabisa, goti likavuta, jasho likanitoka, na pedali ikapita. Ikashuka upande wa pili. Duara zima.

"Umeinua kiuno!" mama alisema.

"Sikuinua!"

"Umeinua. Kiuno kimelidanganyia goti. Hatutaki tena kudanganyana humu ndani." Akaenda kuchukua rula ndefu, akakaa nyuma yangu kwenye kigoda, na kila kiuno kilipojaribu kupanda alikigonga. Mke wangu aliporudi kazini alitukuta hivyo, mume wake juu ya baiskeli isiyokwenda popote, mama yake nyuma na rula. Aliegemea mlango akacheka mpaka akakaa chini, na kicheko chake nilikuwa sijakisikia tangu siku ile ya hospitali. Namshukuru Mungu kwa kicheko kile.

Kila baada ya siku tatu tulishusha kiti kidole kimoja. Kisha tukaanza kwenda mbele. Kuna siku kiti kilishuka na goti likakataa, tukakipandisha tena, tukalala. Jumamosi ya mwisho ukutani ilikuwa mia na nne.

Tarehe ilipofika tulikwenda watatu. Mke wangu aliomba ruhusa kazini. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya daktari, nimeliona kwa macho yangu, la tatu kutoka juu, na sikuwa nimekula kitu tangu jana yake kwa ajili ya dawa ya usingizi. Mama alisema hataingia. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, mkoba mapajani, akatazama ukuta.

Dada wa mazoezi alipima mara mbili.

"Mia na nane."

Mke wangu alinishika bega. Mbili! Nimelia, nimetoka jasho, nimegongwa rula, na zimebaki mbili. Nilitaka kusema kitu na nikaukumbuka ulimi wangu, nikaubana.

"Panda," alisema dada, akionyesha baiskeli ya mazoezi pembeni.

Kiti chake kilikuwa chini. Nilipanda, nikaweka mguu. Kisigino kilipanda, goti likavuta, kiuno kikatulia pale kilipofundishwa kutulia, na pedali ikapita juu, mbele, ikashuka. Ikapita tena. Nikaendelea. Chombo kilianza kuvuma, na dada akasimama kando ameshika kiuno changu kwa vidole viwili, akisubiri kidanganye. Hakikudanganya.

"Mia na kumi ni namba ya kwenye karatasi," alisema mwishowe. "Daktari ataniuliza kama unazunguka." Akaenda kwenye ile orodha, akapiga mstari juu ya jina langu. "Nenda ukale."

Nilitokea ukumbini bila magongo. Niliyasahau, mke wangu ndiye aliyeyabeba. Mama alikuwa bado anatazama ukuta.

"Ngapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Mia na nane."

Mabega yake yalishuka.

"Lakini imezunguka, mama. Kwa mbele. Kiti chini. Jina limefutwa."

Hapo akageuka. Alikohoa kidogo, yeye aliyewahi kunyamazisha watoto sitini kwa kukohoa tu. Alichukua ncha ya mtandio akajifuta jicho moja, halafu la pili, kisha akaacha kujifuta.

Mimi nilikuwa na maneno. Safari hii sikuyasahau. Niliyaona tu ni madogo. Nikashika ukingo wa benchi na mbele ya watu wote wa ukumbi ule, baadhi yao wale wale walionisikia nikimtukana, nikalikunja goti la kulia, lile lile, likashuka taratibu, likakubali, likagusa sakafu.

"Asante, mama," nilisema.

Sakafu ilikuwa ngumu na waya zangu zikaniuma, na dada wa mazoezi akapiga ukelele kutoka mlangoni. Mama alinishika kwapa kwa mikono yote miwili, analia, ananivuta juu.

"Inuka," alisema. "Inuka, mwanangu, utaniharibia kazi yangu."